Siku sita nyuma ya Jaji Coke na vitabu vyake

Siku ya kwanza, Jumamosi: Stoke Poges

Nimeianza safari yangu mahali ambapo mwenyewe aliimalizia ya kwake. Binti yangu anaishi Slough, magharibi ya London, na nilipomweleza kwamba nimetoka Tanga kuja kumfuatilia jaji aliyefariki mwaka 1634, aliniuliza kwa upole, "Baba, na wajukuu je?" Wajukuu nilishinda nao jana kutwa. Leo mkwe wangu amenileta Stoke Poges kwa gari, mwendo usiofika nusu saa, na njia nzima hakuuliza swali, jambo ambalo nililichukua kuwa adabu zaidi kuliko udadisi.

Jaji mwenyewe ni Sir Edward Coke, na wenyewe Waingereza hulitamka jina hilo "Kuk". Kwa miaka mingi nilikuwa mkutubi wa vitabu vya sheria, kazi ambayo nusu yake ni kupangusa vumbi na nusu ya pili ni kuwatafutia mawakili walichokisahau, na mara nyingi nilipoufuata mzizi wa kanuni fulani, nikitoka juzuu moja kwenda nyingine iliyo kongwe zaidi, niliishia kwa mtu huyu. Hayo hayakuwa bahati nasibu. Amri ya mwaka 1920 iliyoweka utawala wa Waingereza Tanganyika ilituletea sheria ya kawaida ya Kiingereza, yaani ile isiyotungwa na Bunge bali iliyojengwa na majaji kesi kwa kesi, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Wenzetu wa Kenya nao wana tarehe yao, 12 Agosti 1897. Kilichopakuliwa siku hizo kwenye bandari zetu kilikuwa kimepita mikononi mwa Coke karne tatu nyuma.

Katika bustani kubwa ya hapa kuna mnara wa jiwe wenye sanamu yake kileleni, uliosimamishwa mwaka 1800 na John Penn, mjukuu wa yule Penn aliyeanzisha Pennsylvania. Nimeutazama kwa mbali. Mimi nilikuja kwa ajili ya kilichotokea katika nyumba aliyoishi hapa kijijini. Tarehe 3 Mei 1632, akiwa na umri wa miaka 80, farasi wake aliteleza akamwangukia, akanusurika. Miaka miwili baadaye, alipokuwa katika siku zake za mwisho kitandani, aliingia Sir Francis Windebank, waziri wa Mfalme Charles wa Kwanza, mwenye amri ya Baraza la mfalme ya kupekua na kuchukua karatasi. Tangu mwaka 1631 mfalme alikuwa ameambiwa kwamba mzee anaandika kitabu juu ya Magna Carta, ile hati ya mwaka 1215 iliyomwekea mfalme mipaka, na alikuwa ameagiza kisitoke. Zilichukuliwa hati za miaka mingi, na ukoo wake ulisimulia kwamba hata wosia ulikwenda pamoja nazo, wala haukurudi.

Hilo ndilo lililonileta. Nataka kuelewa kwa nini mfalme mwenye magereza yake alimwogopa mgonjwa mwenye masanduku ya karatasi.

Siku ya pili, Jumapili: Temple, London

Mtaa wa mawakili uitwao Temple huwa mtulivu Jumapili. Nimesali kwa kimya kidogo katika lile kanisa la mviringo, kisha nikazunguka viwanja vya Inner Temple, chama cha mawakili ambacho Coke alijiunga nacho mwaka 1572 akiwa na miaka 20. Usitegemee kuona rafu alizosomea: mabomu ya vita vya pili vya dunia yaliteketeza ukumbi na maktaba ya hapa, na vilivyopo leo vilijengwa upya. Inasimuliwa kwamba kijana huyo aliamka saa tisa ya usiku, akawasha moto wake mwenyewe na kusoma hadi mahakama zilipofunguliwa. Huenda limetiwa chumvi, ila aliyeona daftari zake hawezi kulikana lote.

Kutoka hapa alipanda kama mtu apandaye mnazi, bila kutazama chini. Aliruhusiwa kuwa wakili mwaka 1578, akawa Spika wa Bunge mwaka 1593, na mwaka 1594 akawa Mwanasheria Mkuu wa Malkia Elizabeth, cheo ambacho Francis Bacon, mwanasheria na mwanafalsafa, alikitamani sana. Miaka minne baadaye wote wawili walimposa mjane tajiri, Lady Elizabeth Hatton, na Coke akampata pia. Kwa mke huyo vitabu vilivyokuwa vya Sir Christopher Hatton, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Malkia, viliingia katika maktaba ya Coke. Nitarudi kwa hivyo nikifika Norfolk.

Haifai kumsifu tu. Alipokuwa mwendesha mashtaka, ulimi wake ulikuwa mchafu. Mwaka 1603, katika kesi ya Sir Walter Raleigh, alimwita mshtakiwa zimwi na nyoka, akamwambia ana uso wa Kiingereza na moyo wa Kihispania. Raleigh alihukumiwa kifo kwa ushahidi ambao leo hakimu wa mwanzo angeutilia shaka. Watu wa njama ya baruti ya mwaka 1605 walihojiwa kwa mateso, na Coke alikuwa miongoni mwa waliowahoji. Baadaye akaandika kwamba mateso ni kinyume cha sheria ya nchi. Mtu huyu alikuwa na kalamu bora kuliko alivyokuwa na moyo.

Mwaka 1606 alifanywa Jaji Mkuu wa mahakama ya madai iliyoitwa Common Pleas, na hapo akageuka. Mfalme James aliamini kwamba, kwa kuwa sheria hujengwa juu ya akili na yeye ana akili, anaweza kuamua kesi mwenyewe. Mwezi Novemba 1608 Coke alimjibu kwamba kesi haziamuliwi kwa akili ya kuzaliwa nayo, bali kwa akili ya sheria ambayo hupatikana kwa kusoma na kuzoea muda mrefu. Kisha akanukuu kitabu cha Bracton cha karne ya 13, kwamba mfalme hayuko chini ya mtu yeyote, ila yuko chini ya Mungu na sheria. Hivyo ndivyo alivyoandika yeye. Barua ya mtu aliyesimulia mkutano ule inasema mfalme alipandwa na hasira hadi Coke akaanguka kifudifudi kuomba radhi. Nadhani yote mawili yalitokea. Kilichobaki katika vitabu vya sheria, hata hivyo, ni maneno, na goti lililopigwa halikuingia.

Siku ya tatu, Jumatatu: Maktaba ya Uingereza

Leo nimekaa chumba cha hati za kale, penseli mkononi, kwa sababu wino hauruhusiwi. Niliandika kuomba mapema, na hilo namsihi kila atakayekuja alifanye. Hati niliyoifuata huitwa Harley 6687, na sehemu yake kubwa ni kitabu kimoja kilichochapwa: maelezo ya Littleton, jaji wa karne ya 15, kuhusu umiliki wa ardhi, katika chapa ya mwaka 1572. Coke alikinunua alipokuwa mwanafunzi na akaendelea kukiandikia juu yake karibu maisha yake yote.

Niseme ninachokiona, kwa kuwa ndicho chenye uzito kuliko vyote vya safari hii. Maandishi yaliyochapwa yamekaa katikati kama kisiwa, na pande zote yamezungukwa na mwandiko wa Coke, mdogo kama mbegu za ufuta, uliosongamana hadi ukingo wa karatasi. Lugha ni tatu: Kilatini, Kiingereza, na kile Kifaransa kilichooza cha mahakamani ambacho hakuna Mfaransa angekielewa. Kila kanuni ya Littleton imefungiwa kesi zinazoikubali na zinazoikana, pamoja na ukurasa wa kitabu cha mwaka wa mfalme fulani. Kabla ya kuwa na faharasa zilizochapwa, msomi alilazimika kujitengenezea yake, na hii hapa ni ya kwake. Mashine ya kutafutia, iliyojengwa kwa kidole na mshumaa. Katika hati hizo hizo aliandika pia mambo ya nyumbani, ndoa, watoto na vyeo. Sheria na ukoo vikalala ukurasa kwa ukurasa.

Kutoka katika kazi hii ndipo lilipozaliwa, mwaka 1628, fungu la kwanza la Institutes, kitabu chake kikubwa cha kufundishia sheria, ambalo ni maelezo ya Littleton yuleyule, na mtu anayelifungua hukuta ukurasa una sura ileile: maneno machache ya bwana wa zamani yamezingirwa na bahari ya Coke. Wanafunzi wa sheria wa vizazi vingi walikilaani kitabu hicho na hawakuweza kukikwepa.

Nimekumbuka pia lile tukio la mwaka 1616. James alichoka naye, akamsimamisha, akamwagiza atumie likizo hiyo kurekebisha makosa katika juzuu zake za kesi, zile 11 zilizotoka kati ya 1600 na 1615. Coke alirudi baada ya miezi kadhaa na kuripoti makosa matano, yote madogo ya kipuuzi. Mwezi Novemba alifukuzwa kazi. Nimewahi kufanya kazi chini ya mkuu aliyeniletea orodha ya "marekebisho" ya namna hiyo, na nakiri kwamba jibu la Coke limenifurahisha kuliko inavyofaa katika umri wangu.

Kwamba juzuu hizo hazikuwa na makosa ila matano si kweli. Coke hakuwa mwandishi wa kumbukumbu tu. Aliongeza, alipamba, na mara nyingine alitia kinywani mwa majaji wa zamani yale aliyotaka wangesema. Katika kesi ya Dkt. Bonham ya mwaka 1610, tabibu aliyefungwa na chuo cha matabibu cha London, aliandika kwamba sheria ya Bunge ikipingana na haki na akili ya kawaida, sheria ya kawaida itaidhibiti na kuihesabu kuwa batili. Wataalamu bado wanagombana alimaanisha nini na kama kesi alizozitegemea zinabeba mzigo huo. Lakini msingi mwingine wa kesi ileile, kwamba mtu hawezi kuwa hakimu wa shauri lake mwenyewe, nimeusikia ukisomwa katika mahakama zetu nyumbani mara nyingi nisizoweza kuhesabu.

Siku ya nne, Jumanne: Norwich

Saa mbili za treni kutoka kituo cha Liverpool Street, mashamba tambarare, mvua ya manyunyu. Coke alisoma shule iliyo ndani ya ua wa kanisa kuu la Norwich, katika jengo ambalo chini yake zamani ilihifadhiwa mifupa ya wafu. Admirali Nelson naye alipita hapo karne mbili baadaye. Shule ingali shule, kwa hiyo nimeitazama kwa nje na kwenda kulala mapema. Magoti yananiuma.

Siku ya tano, Jumatano: Mileham, Godwick, Tittleshall

Nimekodi gari na dereva, kwa sababu barabara za Norfolk ni nyembamba na mimi sijioni nikiendesha katikati ya kuta mbili za majani. Mileham ni kijiji cha mtaa mmoja mrefu. Hapa alizaliwa tarehe 1 Februari 1552, na inasimuliwa kwamba mama yake alishikwa na uchungu kwa ghafla hata hakuwahishwa kitandani, akajifungua kando ya moto sebuleni. Baba yake alikuwa wakili, akafariki mtoto akiwa na miaka tisa.

Kutoka hapo si mbali hadi Godwick. Mwaka 1580 Coke alinunua shamba hili, na alipomwoa mke wake wa kwanza, Bridget Paston, mwaka 1582, ndipo walipofanya maskani. Kijiji chenyewe kimekwisha kufa zamani. Yamebaki matuta ya nyasi palipokuwa njia na nyumba, kipande cha mnara wa kanisa kilichopasuka, na ghala kubwa la matofali la miaka ya 1590 ambalo siku hizi watu hulikodi kwa harusi. Nyumba ya jaji ilibomolewa mwaka 1962. Kondoo walinikodolea macho. Nimekaa juu ya tuta nikila mkate, nikawaza juu ya kesi ya Semayne ya mwaka 1604, alimoandika kwamba nyumba ya kila mtu ni ngome yake, maneno ambayo kila askari anayetaka kupekua nyumba ya mtu bila hati anapaswa kusomewa.

Sasa sikiliza kisa cha mwaka 1617. Coke, akitaka kurudi katika upendeleo wa mfalme, aliamua kumwoza binti yake Frances kwa John Villiers, ambaye ndugu yake alikuwa kipenzi cha mfalme. Mama mtu, Lady Hatton, hakutaka, akamficha binti katika nyumba karibu na Oatlands. Mwenye ile ngome ya Semayne akaenda na wanawe na watumishi wenye silaha, akavunja mlango, akamchukua msichana. Ndoa ilifungwa, na ilikuwa ndoa mbaya. Huwa naona watu wakimtetea kwamba baba wa enzi ile alikuwa na haki hiyo. Huenda, ila mlango ulikuwa wa mtu mwingine, na aliyeuvunja aliijua sheria ya milango kuliko mtu yeyote Uingereza.

Kanisa la Tittleshall tumelikuta wazi. Coke amelala hapo kwa marumaru nyeupe, mavazi ya ujaji yakiwa yamekunjika vizuri chini ya miguu, kazi ya karakana ya Nicholas Stone. Gharama yake ilikuwa pauni 400, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ukutani kwingine Bridget amepiga magoti akisali, watoto wake wakiwa chini yake. Alimzalia watoto 10, akafariki mwaka 1598, na mumewe aliporudi kuzikwa hakutaka kulazwa kwingine. Lady Hatton, aliyegombana naye maisha yote, hayupo hapa. Dereva wangu, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, alimtazama jaji wa jiwe kwa muda akasema, "Anaonekana kama anasubiri mtu amalize kuongea."

Siku ya sita, Alhamisi: Holkham

Mwana wa jaji aitwaye John alimwoa mrithi wa shamba la Holkham, karibu na bahari ya kaskazini, na kwa njia hiyo mali na vitabu vikaja kukutana hapa. Jumba lililopo, la matofali ya rangi ya mchanga, lilianzwa mwaka 1734 na Thomas Coke, aliyekuja kuwa Earl wa Leicester. Ukumbi wa kuingilia huitwa wa marumaru, ingawa kwa sehemu kubwa ni alabasta ya Derbyshire, na mgeni anayeingia kwa tiketi hushangaa hadi shingo ikamuuma. Mimi nilikuja na kurasa nilizonakili za orodha ya vitabu vya Sir Edward, ambayo iliandikwa kwa mkono alipokuwa mzee na ikachapwa na Yale mwaka 1950. Vitabu takriban 1,200. Vitabu vyenyewe haviwekwi njiani kwa wapita njia, na sikuomba kuvigusa; ilinitosha kusimama chini ya paa moja navyo nikisoma majina yao.

Orodha inaanza na vitabu vya dini, kisha sheria za Uingereza, ndipo yafuate mengine: sheria ya Kirumi, historia, falsafa, tiba, ushairi. Mwanasheria wa kawaida tulimtarajia aanze na sheria. Katika rafu za huyu, sheria ni mgeni wa pili, na imezungukwa na majirani wasiofanana nayo. Vitabu vya Kiitalia vilivyotoka kwa Hatton navyo vimo. Watu wengi humwona Coke kama mtu wa kisima kimoja, mwenye kujua kesi tu, na orodha hii inawakana.

Kitabu kinachosimuliwa zaidi ni kile alichopewa na Bacon. Mwaka 1620 adui yake wa zamani alimpelekea nakala ya Novum Organum, kitabu cha njia mpya ya elimu, ambacho ukurasa wake wa mbele una picha ya merikebu ikipita kati ya nguzo mbili kuelekea bahari kuu. Coke aliandika kwamba ni zawadi ya mwandishi, akaongeza ushauri kwa Kilatini: wajiandaa kuyajenga upya mafunzo ya wahenga, anza kwanza na sheria na haki. Kisha, juu ya ile merikebu, akatia shairi la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu lingekuwa hivi:

Hakistahili kusomwa vyuoni,
Kipakiwe na wapumbavu jahazini.

Mwaka uliofuata Coke, akiwa mbunge, alikuwa mbele katika kumshtaki Bacon kwa rushwa, na Bacon akaanguka. Kabla mwaka huo wa 1621 haujaisha Coke mwenyewe alifungwa katika Mnara wa London kwa kutetea haki ya Bunge kusema. Inasimuliwa kwamba chumba alichowekwa kiliwahi kuwa jiko, na mtu mmoja akaandika mlangoni kuwa hapa pamekosekana mpishi, kwa sababu mpishi kwa Kiingereza hutamkwa kama jina lake. Karatasi zake zilipekuliwa hata wakati ule. Aliachiwa Agosti 1622, na mwaka 1628, akiwa na miaka 76, alisimama tena Bungeni kuliandika Ombi la Haki, ambalo Bunge lilimtaka mfalme aheshimu sheria, akisema Magna Carta ni jamaa asiyekubali kuwa na mtawala juu yake.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali la Stoke Poges, au sehemu yake. Coke hakuwahi kudai kwamba anasema jambo jipya. Kila alichompinga nacho mfalme kilikuwa na ukurasa, na ukurasa ulikuwa katika nyumba yake. Ukimfunga mtu bado nakala ipo, kwa hiyo Windebank alitumwa kwenye masanduku. Lakini hata masanduku yalirudi: tarehe 12 Mei 1641, siku ileile aliyokatwa kichwa Strafford, waziri wa mfalme, Bunge liliamuru fungu la pili la Institutes lichapwe, lile la Magna Carta, nalo likatoka mwaka 1642. Mafungu mawili ya mwisho yakafuata mwaka 1644.

Mlango wa kutokea, mhudumu mmoja alinieleza habari za kitabu cha Leonardo da Vinci ambacho Thomas Coke alikinunua katika karne ya 18 na ukoo ukakiuza mwaka 1980. Sasa ni mali ya Bill Gates. Watu wengi huja wakikiulizia hicho. Nilimwuliza mimi kuhusu wosia wa Sir Edward. Alicheka, akasema mimi ni wa kwanza kwake mwaka huu.

Usiku huu nimepanga chumba Wells, mji mdogo wa wavuvi jirani. Kwa kuwa usingizi umegoma, nimechukua daftari na kuanza kuorodhesha vitabu vyangu vya Tanga kwa kumbukumbu, kwa mpangilio wa jaji: vya dini kwanza, sheria, kisha vingine. Nimefika cha 43. Cha 44 ni juzuu ya pili ya ripoti fulani ya kesi, ambayo nakumbuka rangi ya jalada lake na mahali pake katika rafu, wala simkumbuki aliyeniazima.